Sikio la Redio: Jinsi ya Kutundika Waya wa Redio Nyumbani

Leo nataka kusema nanyi habari ya kitu ambacho wengi hawakihesabu, nacho ni waya. Mtu hununua redio kwa fedha nyingi, akaiweka mezani, akavuta ule ufito wake wa chuma, asisikie kitu ila mvumo kama wa nyuki mzingani. Kisha husema, "Nimeuziwa redio mbovu." Lakini mara nyingi redio si mbovu. Kinywa inacho, ila sikio lake ni dogo. Sikio la redio ni ule waya uitwao antena, na antena njema yaweza kutengenezwa nyumbani na mtu yeyote ajuaye kupima, kufunga fundo, na kugawanya hesabu.

Kwanza tuulizane, kusikia mapema kuna faida gani? Jibu lipo hapa hapa kwetu Liuli. Zamani Wajerumani walipaita Sphinxhafen, na meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa pwani ipate kutengenezwa. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, habari zilifika upesi upande wa Nyasaland kwa simu ya waya. Huku kwetu hazikufika. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, ikaja chini ya nahodha Rhoades, ikaipiga mzinga ile meli iliyokuwa nchi kavu. Nahodha wa Kijerumani akatoka kwa mashua, amekasirika, akitaka kujua sababu ya rafiki yake kumpiga. Hapo ndipo alipoambiwa kwamba kuna vita, akashikwa mateka. Hakushindwa kwa uhaba wa ushujaa. Alishindwa kwa kuwa mwenzake alisikia, na yeye hakusikia.

Vita ile imekwisha, lakini ziwa lingali lile lile. Mnajua ninyi wavuvi wa usipa na mbasa jinsi upepo wa mwera unavyovuma wakati wa kiangazi, mawimbi yakainuka kama vilima. Mwezi wa Julai 1946 meli iliyoitwa Vipya ilizama katika ziwa hili upande wa Nyasaland, wakafa watu 145. Nayo ilikuwa meli ya chuma, si mtumbwi. Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa habari za upepo na mvua, nazo hutangazwa kwa redio. Mwenye kusikia jioni kwamba kesho kuna upepo mkali, hatatoka alfajiri na mtumbwi wake. Basi waya mzuri juu ya nyumba waweza kumrudisha baba kwa watoto wake.

Sasa tutazame kwa nini redio husumbua katika nchi yetu. Ziwa liko kama mita 475 juu ya bahari, na nyuma yake milima ya Livingstone imesimama kama ukuta, mahali pengine ikipita mita 2,000. Mawimbi ya redio yaitwayo FM husafiri moja kwa moja kama mwanga wa taa. Taa ikiwa nyuma ya ukuta, huioni. Ndiyo maana mtu aliye juu huko Mbinga aweza kusikia kituo vizuri, na ndugu yake aliye bondeni asisikie neno.

Lakini mawimbi mafupi yana njia nyingine. Juu sana, kuanzia kama kilomita 60 na kupanda mpaka mamia ya kilomita, kuna matabaka ya hewa yaliyotiwa umeme na miale ya jua. Mawimbi mafupi hupanda mpaka huko, yakapindwa, yakashuka tena duniani. Ni kama mtoto arushaye mpira juu ya ukuta ukaanguka uani kwa jirani. Mlima hauwezi kuyazuia, maana hayapiti penye mlima. Yanapita juu yake.

Jambo hili halikugunduliwa na wakubwa wa serikali. Hapo kwanza mabwana wenye mitambo mikubwa walidhani mawimbi mafupi hayana kazi, wakawaachia watu wa redio ya ridhaa, yaani wale wafanyao kazi ya redio kwa mapenzi tu, pasipo kulipwa. Mwezi wa Novemba 1923, Mfaransa mmoja mjini Nice, jina lake Léon Deloy, akazungumza na Mmarekani Fred Schnell ng'ambo ya bahari ya Atlantiki kwa mawimbi ya kama mita 110. Ndipo dunia ilipojua kwamba kile kilichotupwa kina thamani. Nasi katika Afrika ya Mashariki tumeona faida yake. Madaktari wa ndege wa AMREF, walioanza kazi mwaka 1957, walikuwa wakisema na hospitali za mbali kwa mawimbi hayo hayo kutoka Nairobi.

Basi tuanze kazi. Nitaanza na antena ya kusikia tu.

Tafuta waya wa shaba wa mita 15 mpaka 20. Waya wa taa wafaa, hata waya wa mota iliyoungua wafaa, mradi haukukatika-katika. Tafuta milingoti miwili, au mlingoti mmoja na mti. Mianzi ya kwetu ni mizuri, na mkaratusi ni bora zaidi kwa kudumu. Urefu wa mita 6 watosha. Kila mwisho wa waya usifungwe moja kwa moja kwenye mti, kwa maana mti ukilowa mvua utakunywa nguvu ndogo iliyonaswa. Weka kati yao kitu kisichopitisha umeme, kama shingo ya chupa au kipande cha bomba la plastiki. Waya ufungwe upande mmoja wa kipande hicho, na kamba upande wa pili. Kamba ya katani huoza upesi. Kamba ya nailoni ya wavuvi hukaa zaidi.

Ukitumia mti, kumbuka kwamba mti hucheza kwa upepo. Ukikaza waya sana, siku ya mwera utakatika. Basi pitisha kamba juu ya tawi, na mwisho wake ufunge jiwe lininginie. Mti ukiinama, jiwe hupanda. Mti ukirudi, jiwe hushuka. Na waya hubaki salama.

Kutoka mwisho mmoja wa waya shusha waya mwingine mpaka nyumbani. Mahali pa kuunga, kwangua shaba mpaka ing'ae, sokota imara, utie risasi kama unayo, kisha uzungushie utepe ili kutu ya kijani isiingie. Uingize waya kwa kipande cha mwanzi au bomba kilichopita ukutani, usiguse bati la paa. Kabla haujaingia, uache ulegee chini kidogo kama tumbo la kamba, ili maji ya mvua yadondoke hapo yasifuate waya mpaka mezani. Ndani ya nyumba, ufunge kwenye ule ufito wa redio. Kama redio yako ni ndogo na sauti za vituo vinagombana, usiufunge shaba kwa chuma. Uzungushe tu mara tano au sita juu ya ufito, ganda lake likiwa juu yake. Na kama nyumbani kuna mashine ya sola au taa za umeme zenye kuvuma, peleka waya mbali nazo, kwa sababu vitu hivyo navyo hutoa mawimbi, na sikio halichagui la kusikia.

Sasa ninyi wanafunzi, chukueni kalamu. Antena ya mtu wa redio ya ridhaa, atakaye kusikia na kusema pia, haikatwi kwa kukisia. Urefu wake hutoka katika hesabu: gawanya 142.5 kwa hesabu ya megahezi, utapata urefu wote kwa mita. Mathalan, megahezi 7.1: 142.5 ukigawanya kwa 7.1 utapata 20.07, yaani mita 20 na sentimita 7. Kata katikati, kila mkono uwe mita 10 na sentimita 3 na nusu. Katika kukata, zidisha kidogo kila mkono, kwa kuwa kupunguza ni rahisi, na kurefusha ni taabu. Kisha upunguze pole pole, sawasawa pande zote mbili, huku ukitazama kile kipimo kionyeshacho nguvu zirudizo nyuma, mpaka zirudi chache kabisa.

Mikono hiyo miwili haiguswi kwa kila mmoja. Katikati yao huwekwa kipande cha plastiki, na kebo yenye waya ndani na wavu nje, mfano wa ile ya televisheni, hushuka mpaka chini. Waya wa ndani huungwa na mkono mmoja, wavu wa nje na mkono wa pili. Kama huna ila mlingoti mmoja, inua katikati peke yake, na mikono ishuke huku na huku kama paa la nyumba. Lakini ncha zake zisifike chini ya mita 3, maana mtu asemapo kwa redio ncha hizo huwa na umeme mkali, zitamwunguza mtoto au mbuzi atakayezigusa.

Watu wengi hudhani kwamba hapana redio bila mnara mrefu. Kwa haja yetu sivyo. Waya wa megahezi 7 uliotundikwa mita 6 mpaka 8 tu hupeleka nguvu zake nyingi juu kabisa, nazo hushuka pande zote kwa umbali wa mamia ya kilomita. Dar es Salaam iko kama kilomita 650 kutoka Mbinga kwa mstari wa ndege. Basi mchana waya wa chini waweza kuvuka milima ya Livingstone na kufika mbali, pale ambapo mnara wa FM hauwezi. Maskini mwenye mianzi miwili hakunyimwa.

Sasa nasema neno zito, nanyi wazazi nisikilizeni. Waya wa juu ni sikio, lakini pia ni njia. Radi yaweza kuifuata. Mvua za kwetu huja na radi nyingi, na watu wengine husema radi hutumwa na adui. Sisemi nao kwa ubishi. Nasema tu kwamba radi hupenda kitu kirefu na kitu cha chuma, awe mwenyewe ana adui au hana. Kwa hiyo, kabla hujafunga waya wa juu, tangulia kufunga waya wa ardhini. Gonga bomba la chuma au ufito wa shaba ardhini nje ya ukuta, mita moja na nusu, mahali penye unyevu. Wingu likitokea, au ukienda kulala wakati wa masika, ng'oa antena kwenye redio, uifunge na bomba hilo huko nje. Wala usidhani kwamba waya huo utaizuia radi ikipiga nyumba yako hasa. Hapana waya wa namna hiyo.

Hesabu pia. Sauti huenda kilomita moja kwa sekunde kama 3. Ukiona umeme, anza kuhesabu. Ngurumo ikija kabla ya 30, radi iko karibu. Usiguse waya tena, ingia ndani, ukae mpaka ipite nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Kung'oa waya wakati ngurumo inalia juu ya kichwa ni kuchelewa. Tena, usitupe waya wala kusimamisha mlingoti karibu na nyaya za umeme wa barabarani. Pima hivi: mlingoti ukianguka upande wowote, usizifikie. Nyaya hizo huua mchana, jua likiwaka, bila ngurumo.

La mwisho ni la sheria. Kusema kwa redio ya ridhaa kunataka leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na mwenye leseni hupewa jina la angani. Katika nchi yetu majina hayo huanza na 5H. Hili si la kuonea watu. Hewa ni kama ziwa: kila mtu akitupa nyavu apendapo, zitafungamana, na siku ya dhoruba mwenye kuomba msaada hatasikiwa. Anza basi kwa kusikia. Sikia mwaka mzima, uandike katika daftari saa, kituo, na hali ya anga. Utaona usiku vituo vya mbali vikija karibu, na mchana vikirudi nyuma. Mwanafunzi aliyeandika hayo kwa mkono wake mwenyewe amejifunza habari za jua na anga ambazo ubaoni ni maneno tu.

Ndugu zangu, kazi niliyoieleza ni ya Jumamosi moja. Baba atafute mianzi, kijana apige hesabu, mama aseme waya upite wapi usizuie kamba ya nguo, na bomba la ardhini litangulie yote. Kisha jioni mkae pamoja, msikilize kwanza habari za upepo wa kesho.