Msikiti wa Mandhry: Mgeni Njoo, Lakini Bisha Hodi
Hotuba fupi kwa wakazi na waongoza watalii wa Mji wa Kale, Mombasa



Mgeni anayeshuka kwenye treni ya SGR pale Miritini huipokea Mombasa ya magari mengi, maghorofa na makasha ya bandarini. Akifika kisiwani, akaipita Fort Jesus kwa miguu na kuingia Mji wa Kale, huuona mnara mweupe, mnene chini na mwembamba juu. Huo ni Msikiti wa Mandhry. Inaaminika ulijengwa mwaka 1570, yaani miaka 23 kabla ya Wareno kuanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593.

Fort Jesus leo ni makumbusho. Mtu hulipa kiingilio, akaingia na kutazama apendavyo. Mandhry si makumbusho. Adhana ingali inatolewa mara tano kwa siku na waumini wangali wanasimama safu. Wanaoswali humo ndio walioufanya udumu.

Kwa hivyo mgeni asipelekwe wakati wa swala, hasa Ijumaa adhuhuri. Mwongozaji aombe ruhusa kwa wasimamizi kabla ya kuvuka kizingiti. Wakisema kutazama kwa nje kunatosha, basi kunatosha. Mgeni avae nguo za kusitiri, avue viatu, na asimpige picha mtu anayeswali au anayetia udhu. Mwongozaji mwenye leso ya akiba humwondolea mgeni wa kike fadhaa mlangoni.

Wakazi nao wana sehemu yao. Nyumba za kale za mtaa huu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa namna hiyo ukipigwa plasta ya saruji, unyevu na chumvi hunaswa ndani, nao huanza kumomonyoka. Aidha, Mji wa Kale unalindwa kisheria. Kabla ya kubomoa, kuongeza ghorofa au kubadili sura ya jengo, tafuta idhini kwanza. Mnara ukibaki peke yake kati ya majengo mapya, msikiti utakuwa umepoteza mtaa wake.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Biashara ya utalii inawalisha wengi hapa, lakini mwenyeji hawezi kupona akisumbuliwa na kamera katika swala yake. Mgeni akibisha hodi kwa adabu, mlango utaendelea kufunguliwa.