TAARIFA ZA WAZI NI MTAJI: TUULIZE KABLA YA KUPANDA

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za maendeleo za sharika, iliyohudhuriwa pia na wabia wetu, Morogoro)



Nimepewa kazi ya kuzungumza nanyi juu ya matumizi ya taarifa za wazi katika biashara. Kwa taarifa za wazi nina maana ya habari ambazo mtu yeyote anaweza kuzipata bila kuiba, bila kuhonga na bila kumdanganya mtu: bei zinazotangazwa, magazeti, redio, utabiri wa hali ya hewa, orodha za serikali, minada, intaneti, na hata maongezi ya madereva wa malori. Mataifa makubwa yamezitumia siku nyingi. Mwaka 1939 BBC ya Uingereza ilianzisha kitengo cha kusikiliza redio za nchi nyingine, na serikali yao ikapata mengi kutokana na yale ambayo kila mwenye redio angeweza kuyasikia. Wafanyabiashara wakubwa wa leo wana watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Sisi wa sharikani mara nyingi tunaingia sokoni tumefumba macho.

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2018 mnunuzi mmoja alifika katika usharika wetu mmoja, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Alisema vanila inauzwa dola 600 kwa kilo. Nilichukua kalamu, nikapiga hesabu, nikaandika andiko la mradi. Akina mama wa kikundi walitoa akiba yao ya VICOBA, wafadhili wakaongeza, tukanunua marando, tukapanda.

Ndugu zangu, bei ile haikuwa ya uongo. Ilikuwa kweli tupu, na ndiyo maana nawaeleza habari hii. Tulikuwa na taarifa sahihi, lakini hatukuiuliza maswali. Nitayataja manne.

Kwanza, kwa nini bei imepanda? Madagascar ndiyo inayoongoza duniani kwa vanila, na mwezi Machi 2017 ilipigwa na kimbunga Enawo. Bei ilipandishwa na maafa ya wengine, na maafa hayadumu milele.

Pili, ni bei ya kitu gani? Zile dola 600 zilikuwa za vanila kavu, iliyokwisha kuandaliwa kwa ajili ya kusafirishwa. Kilo moja ya vanila kavu huhitaji kilo tano hadi sita za maganda mabichi. Akina mama wetu wangeuza mabichi.

Tatu, sisi tutavuna lini? Vanila huchukua kama miaka mitatu kabla ya kutoa maua, na kila ua huchavushwa kwa mkono siku ile ile linapofunguka. Kila aliyesikia bei ile duniani alipanda kama sisi, na wote tungefika sokoni pamoja.

Nne, je, jambo hili limewahi kutokea? Limetokea. Mwaka 2000 kimbunga Hudah kiliipiga Madagascar, bei ikapanda hadi kilele chake mwaka 2003, na kufikia mwaka 2005 ilikuwa imeporomoka hadi chini ya dola 100. Wakulima wa Uganda waliokuwa wamekimbilia zao hilo waliumia. Habari hizo zilikuwa zimeandikwa na kuchapishwa miaka mingi kabla sisi hatujachimba shimo la kwanza.

Mnajua yaliyofuata. Mwaka 2020 serikali ya Madagascar iliweka bei ya chini ya kusafirisha nje, dola 250 kwa kilo. Mwaka 2023 ikaiondoa, na bei ikaanguka. Yule mnunuzi hakupatikana tena kwenye simu. Nilipopanda kwenda kuwaona akina mama, mmoja wao, mtu mzima, alinipokea kwa heshima, akanipa kiti, kisha akaniuliza: “Mratibu, wewe una kompyuta ofisini. Hukuweza kutuangalizia?”

Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo.

Wapo watakaosema kazi hii ni ya wataalamu. Si kweli. Kuanzia mwaka 2005, chini ya mradi ulioitwa First Mile, uliosaidiwa na shirika la IFAD, vijiji kadhaa vya Tanzania vilichagua watu wao wa kufuatilia masoko. Wananchi waliwaita “shushushu”. Shushushu hawa walikwenda masokoni, wakauliza bei, wakaona ni nani ananunua na anataka mzigo wa namna gani, kisha wakapiga simu kijijini. Walikuwa wakulima wa kawaida wenye simu ya mkononi na daftari. Mlanguzi alipofika kijijini na kusema bei imeshuka, alikuta wenyeji wanaijua bei kama yeye.

Musa naye, katika Hesabu sura ya 13, alituma watu kumi na wawili. Kabla hawajaondoka aliwapa maswali: nchi ni nzuri au mbaya, watu ni wachache au wengi, kuna miti au hakuna. Tena aliwataka walete matunda ya nchi, nao wakaleta kichala cha zabibu. Maswali yalitangulia, ushahidi ukafuata. Hata hivyo, wote walioona nchi ile ile walirudi na ushauri wa namna mbili. Kuwa na habari ni jambo moja, kuipima ni jambo la pili.

Kwa hiyo napendekeza kila kamati ichague wajumbe wawili, mmoja awe mwanamke na mmoja awe kijana, wawe shushushu wa usharika. Kazi yao iwe hivi:

1. Waandike maswali kabla ya kutafuta majibu. Swali la lazima ni hili: ni jambo gani likijulikana litatufanya tuuache mradi huu?

2. Kila habari kubwa ithibitishwe kwa vyanzo visivyotegemeana. Watu watatu waliosikia kwa dalali mmoja ni chanzo kimoja.

3. Kila bei iandikwe pamoja na tarehe, soko, kipimo na hali ya zao. Bei ya gunia haina maana kama gunia lenyewe ni lumbesa. Sheria ya vipimo iko upande wetu, na Wakala wa Vipimo wapo.

4. Kampuni ikija, jina lake litafutwe BRELA. Anayekusanya fedha za watu aulizwe leseni yake, kisha ihakikishwe Benki Kuu. Tukumbuke DECI, iliyosimamishwa na serikali mwaka 2009. Watu walialikwa “kupanda mbegu” na kuvuna, lugha tuliyoizoea kanisani, na waumini wengi walipoteza fedha zao. Swali moja la leseni lingewaokoa.

Vyanzo viko karibu. Bei za jumla za mazao makuu ya chakula hukusanywa na Wizara ya Viwanda na Biashara na kutolewa kwa umma. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli, masika na msimu. Hapa mjini tuna Chuo Kikuu cha Sokoine na makao makuu ya TOSCI, wanaothibitisha ubora wa mbegu. Soko Kuu la Chifu Kingalu halitozi ada kwa anayeuliza bei. Ndugu zetu wa Mgeta, kabla hamjapakia kabichi kwenda Dar es Salaam, pigieni simu masoko mawili, si moja.

Neno la tahadhari. Shushushu wa usharika si mchongezi. Amri ya Nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo, na jirani ni pamoja na mfanyabiashara tunayemtilia shaka. Tusinunue siri za mtu, tusijifanye tusiowatambua wenzetu, tusitangaze habari za madeni ya wanakikundi. Tuandike tulichokiona, na tusichokijua tuseme hatukijui.

Kwa wabia wetu nina ombi moja. Mnatupa fedha za marando, mbegu na mafunzo, nasi tunashukuru sana. Tunaomba andiko la mradi liruhusu pia fedha kidogo za nauli na vocha za simu, zitumike kabla ya kitu kingine chochote kununuliwa. Na shushushu wakirudi na jibu kwamba mradi haufai, tafadhali mlihesabu hilo kuwa ni matunda.

Kwa upande wangu, ofisi haitapeleka tena andiko lolote kwa wafadhili bila ukurasa wa maswali na majibu uliosainiwa na shushushu wawili wa usharika. Ukurasa wa kwanza wa namna hiyo umekwisha kuletwa. Uliandikwa na yule mama aliyeniuliza juu ya kompyuta.