Andika Komenti Ukijua Mwananchi Anaweza Kuisoma

Hotuba kwa maafisa wa TEHAMA, maafisa wa mawasiliano na wanagenzi wanaoshughulikia kurasa za tovuti ya kaunti



Kila ukurasa wa tovuti ya kaunti una sura mbili. Ya kwanza ni ile anayoiona mwananchi: tangazo la zabuni, fomu ya basari, saa za kufunguliwa kwa zahanati, ada ya leseni ya biashara. Ya pili ni msimbo wa HTML, yaani maagizo yanayokieleza kivinjari kichwa kiwe wapi, jedwali liwe na safu ngapi na picha itolewe wapi. Ndani ya msimbo huo, afisa anaweza kuandika maneno ambayo kivinjari hakiyaonyeshi kwenye skrini. Maneno hayo ndiyo komenti.

Kuiandika ni kazi nyepesi. Komenti hufunguliwa kwa alama nne, <!--, na kufungwa kwa alama tatu, -->. Kilicho katikati hurukwa. Kwa mfano, juu ya jedwali la ada afisa anaweza kuandika hivi:

<!-- Badilisha ada hizi kila Sheria ya Fedha ya Kaunti inapopitishwa. Orodha mpya hutoka Idara ya Fedha. -->

Mstari huo una thamani kubwa. Afisa aliyeuandika anaweza kuhamishwa, mkataba wake unaweza kukamilika, au akiwa mwanagenzi, atarudi chuoni. Anayechukua nafasi yake hatalazimika kubahatisha, na mfanyabiashara hatafika kaunta ya malipo akiwa na kiasi cha mwaka uliopita. Komenti nzuri hueleza sababu na wajibu: kwa nini kitu kimewekwa hivyo, lini kibadilishwe, na ni idara gani iulizwe. Kuandika "hii ni picha" juu ya picha hakumsaidii yeyote.

Yapo makosa mawili ya kiufundi ya kuepukwa. La kwanza ni kusahau kufunga. Komenti isiyofungwa humeza yote yanayoifuata hadi mwisho wa ukurasa au hadi alama ya kufunga inayopatikana mbele. Mwananchi anaona nusu ya ukurasa tu, na hakuna ujumbe wowote wa kumwambia kuwa kuna kilichopotea. La pili ni kuweka komenti ndani ya komenti nyingine. Alama ya kwanza ya kufunga hufunga zote, na maneno yaliyobaki hutokeza hadharani.

Hata hivyo, kosa kubwa kuliko yote si la kiufundi. Ni kudhani kwamba kisichoonekana ni siri. Kivinjari hakionyeshi komenti, lakini seva huituma pamoja na ukurasa wote. Katika vivinjari vingi vya kompyuta, mtu akibonyeza vitufe vya Ctrl na U kwa pamoja, chanzo cha ukurasa hufunguka na kila komenti inasomeka. Hahitaji nenosiri wala ujuzi wa udukuzi. Komenti, basi, ni kama maandishi ya nyuma ya bango: wapita njia wengi hawayaoni, ila yeyote anaweza kuzunguka akayasoma.

Chukulia tangazo la zabuni lililowekwa ndani ya komenti siku tatu kabla ya kutolewa, ili likingoje siku yake. Mzabuni mmoja akifungua chanzo cha ukurasa, tayari amewatangulia wenzake kwa siku tatu. Ibara ya 227 ya Katiba inataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi na ushindani. Au chukulia orodha ya wanufaika wa basari yenye nambari za vitambulisho. Afisa akiizungushia alama za komenti badala ya kuifuta, orodha imefichwa kwa macho tu. Nambari za watu bado ziko mtandaoni.

Yaliyotokea katika jimbo la Missouri, Marekani, Oktoba 2021 yanatosha kuwa funzo. Mwanahabari wa gazeti la St. Louis Post-Dispatch aligundua kuwa nambari za hifadhi ya jamii za walimu zilipatikana ndani ya msimbo wa kurasa za tovuti ya idara ya elimu ya jimbo. Hazikuwa komenti, lakini zilikaa mahali pale pale: kwenye chanzo ambacho kila mgeni wa ukurasa hutumiwa. Gazeti liliiarifu idara na kusubiri kasoro irekebishwe kabla ya kuchapisha habari. Gavana aliita tendo hilo udukuzi na kutaka hatua za kisheria zichukuliwe. Februari 2022, kiongozi wa mashtaka alikataa kumfungulia mwanahabari kesi. Aliyesoma chanzo hakuvunja mlango wowote. Mlango ulikuwa wazi.

Hapa Kenya, Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaibebesha taasisi inayokusanya taarifa za watu jukumu la kuzitunza. Taarifa zikivuja na kukawa na hatari halisi ya madhara kwa mwenyewe, Kamishna wa Data anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72 tangu taasisi ilipojua. Mstari mmoja ulioachwa kwenye msimbo unaweza kuifikisha kaunti hapo.

Kwa hivyo, kabla ya ukurasa kupandishwa, yafanyike haya:

1. Manenosiri, nambari za vitambulisho, nambari za simu za wananchi na matangazo ambayo siku yake haijafika yasiwekwe kamwe ndani ya komenti.

2. Kilichopitwa na wakati kifutwe kwenye ukurasa, na nakala yake itunzwe kwenye kumbukumbu za ofisi.

3. Maelezo ya kazi yasiyohusu umma yaandikwe upande wa seva. Katika PHP, kwa mfano, komenti za lugha hiyo hubaki kwenye seva. Zile za CSS na JavaScript husafiri hadi kwa msomaji, sawa na za HTML.

4. Afisa mwingine, asiye mwandishi wa ukurasa, afungue chanzo na kukisoma chote.

Kazi ya nne huchukua dakika chache, na ndiyo itakayogundua yale matatu ya kwanza yakisahaulika. Kila komenti iandikwe kwa namna ambayo afisa ajaye ataishukuru, na mwananchi akiisoma, kaunti haitakuwa na la kuficha.