TUJIHADHARI NA MTEREMKO

Somo: 1 Wafalme 18:41 mpaka 19:8



Miaka michache iliyopita, wakati njia za milimani zilikuwa bado tulivu, tulikimbia pamoja na vijana wa kanisa katika misitu ya mikaratusi karibu na Butembo. Zilikuwa kilometa 21, nusu ya marathoni. Anayejua Butembo anajua: ukimaliza kilima kimoja, kingine kinakungoja.

Wakati wa kupanda tulikuwa na hekima. Fasi ngumu tuliacha kukimbia, tukatembea, mikono juu ya magoti. Mwenye nguvu alimbebea mwenzake bidoni ya maji. Tuliomba kila hatua. Tulipofika juu ya kilima cha mwisho, tukapiga vigelegele kana kwamba tumekwisha kufika.

Hapo ndipo tulipoanguka. Njia ilishuka kati ya miti, majani makavu yamefunika mizizi. Tukaachilia miguu ikimbie yenyewe. Sisi tunaohubiri ndio tuliokuwa mbele, tukitaka vijana waone kwamba mtu aliyepita miaka 40 angali na mbio. Mguu ukanaswa na mzizi, tukaanguka, goti likapasuka. Dada mmoja wa kwaya, aliyekuwa akitufuata karibu, akaanguka juu yetu, akavunjika mkono.

Tulidhani kupanda ndiyo kazi, na kushuka ni zawadi. Sivyo. Katika kushuka, misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki: inavutika huku inazuia uzito wote wa mwili. Maumivu yake yanakuja kesho na kesho kutwa. Vijana wa chukudu wanajua jambo hili bila kitabu. Kupandisha mzigo ni jasho, lakini anayeshuka na mzigo ndiye anayehitaji breki.

Mtazameni Eliya. Juu ya Karmeli alisimama imara. Moto ulishuka, mvua ikaja, naye akakimbia mbele ya Ahabu mpaka Yezreeli. Lakini katika sura inayofuata, ujumbe wa mwanamke mmoja unamkimbiza jangwani, naye anaomba afe. Hakuanguka wakati wa vita. Alianguka baada ya ushindi.

Nasi tunafanana naye. Tunafunga, tunakesha, Mungu anajibu. Mtoto anapona, kazi inapatikana, deni linalipwa. Halafu tunaachilia miguu. Maombi ya alfajiri tunayaacha. Yule aliyelia pamoja nasi, hatumpigii tena simu. Tunaanza kugombana nani aliomba zaidi.

Na kiongozi akianguka kwenye mteremko, haanguki peke yake. Mkono wa yule dada ulipona, lakini kwa wiki nyingi alifua nguo kwa mkono mmoja, sababu ya kiburi chetu. Tulimwomba msamaha mbele ya kwaya. Leo tunaungama mbele yenu pia.

Lakini tazameni wema wa Mungu. Hakuanza kwa kumkemea Eliya. Alimpa usingizi, mkate na maji, na malaika akamwamsha mara mbili ili ale. Kwa nguvu ya chakula kile alitembea siku 40 mpaka mlima mwingine, Horebu.

Basi, wewe uliyepata jibu wiki hii: fupisha hatua. Angalia unapokanyaga. Shukuru ukiwa magotini, tena uulize ni nani anayekufuata nyuma. Na wewe uliyekwisha kuanguka: usibaki chini ya mretemu. Kula Neno, pumzika, simama. Safari ingali ndefu, lakini Bwana hajakuacha njiani.

Tuombe. Bwana, ulitushika mkono wakati wa kupanda. Utushike zaidi wakati wa kushuka, tusiwaangushe wadogo wanaotufuata. Kwa jina la Yesu. Amina.