Chama Kinapochuja Watu Wake: Kura na Matibabu Kando ya Ziwa Mweru

Chama kinachotaka watu wa fikra moja tu hupoteza habari kwanza, kisha hupoteza kura, na katikati ya hasara hizo mbili wagonjwa ndio huumia. Habari ninayoisema ni ya kawaida kabisa: zahanati fulani haina dawa. Wa kuifikisha Lusaka ni diwani au mbunge. Wagombea wakipimwa kwa utiifu wa itikadi, msema kweli wa namna hiyo ndiye wa kwanza kukatwa jina.

Tazameni Zambia ya UNIP, chama tawala cha Rais Kenneth Kaunda. Simon Kapwepwe, mmoja wa vigogo wake, alijitoa mwaka 1971 na kuunda chama cha UPP. Februari 1972 chama hicho kikapigwa marufuku, na kabla ya mwaka kwisha nchi ikawa ya chama kimoja, itikadi yake Ubinadamu wa Kaunda. Kamati Kuu iliweza kumkata hata aliyeshinda mchujo. Mwaka 1978, Kapwepwe na mpinzani wa siku nyingi Harry Nkumbula walipotaka kumpinga Kaunda, kanuni zilibadilishwa ili wasiweze. Matibabu yalikuwa bure, nami nalipa jambo hilo heshima yake yote. Lakini bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, dawa zikaadimika, na chama kilichoshika hatamu hakikuacha mlango wa kulisemea hilo. Kimya hicho kilivunjika kwa kura tarehe 31 Oktoba 1991, Frederick Chiluba wa chama cha upinzani cha MMD alipopata takriban robo tatu ya kura za urais.

Hapa mtanipinga kwamba MMD ilikuwa mseto wa wafanyakazi, wafanyabiashara na wasomi, na ndiyo iliyoleta ada ya matibabu. Pingamizi hilo ni zito, hasa kwa kuwa upepo ulikuwa wa kanda nzima. Tanzania nayo ilianza kuchangisha wagonjwa mwaka 1993. Ila mseto ule haukudumu. Kufikia 1993 mawaziri wazito walikuwa wamefukuzwa au wamejiuzulu, na baadhi yao wakaunda National Party. Soko huria likabaki imani isiyojadiliwa, na wafadhili wakiiunga mkono.

Imani hiyo ipimwe Nchelenge, wilaya iliyo kando ya Ziwa Mweru. Ada iliwasamehe watoto wa chini ya miaka 5 na wazee, si mvuvi wa Kashikishi wala mkewe, wala watu wa kisiwa cha Kilwa kilichomo humo ziwani. Uvuvi hufungwa kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Ndiyo miezi ya mvua, na wilaya hii ni miongoni mwa zile zinazoteswa zaidi na malaria nchini. Nyavu zimekunjwa, chisense, dagaa wa ziwa hili, hawauzwi, na homa iko ndani ya nyumba. Kumdai mtu huyo pesa taslimu mlangoni pa kituo cha afya ni kumwambia arudi akalale na homa yake. Mwenyeji yeyote wa ufukwe huu angeieleza Wizara jambo hilo kwa sentensi mbili.

Mwaka 2001 kipimo kiligeuka kikawa utiifu kwa mtu: waliopinga muhula wa tatu wa Chiluba, akiwemo Makamu wa Rais Christon Tembo, walifukuzwa chamani. Mgombea wa MMD, Levy Mwanawasa, akaingia Ikulu kwa chini ya asilimia 30 ya kura. Tarehe 1 Aprili 2006, miezi michache kabla ya uchaguzi mwingine, serikali yake ilifuta ada vijijini, na mahudhurio yakapanda sana. Wapo wasemao ni msamaha wa madeni wa 2005 uliowezesha hilo. Kweli, bila huo isingewezekana. Lakini fedha zile zingeweza kwenda kwingine, nami naamini serikali yenye ushindi mwembamba haikuthubutu kumpuuza mwanakijiji.

Sisemi chama kiishi bila msimamo. Kwamba maskini asirudishwe mlangoni ni msimamo, na ushikwe kwa nguvu. Kosa ni kuugeuza chekecheo la watu. Naviomba basi vyama vyote, vitakapoteua mgombea wa Nchelenge, viwape wauguzi na wavuvi nafasi ya kumhoji hadharani kabla Kamati Kuu haijagusa majina.