Kijana ajifunze kukaa vizuri na moyo wake



Katika mazungumzo haya ya amani tumezoea kusema juu ya amani kati ya kabila na kabila, kati ya kijiji na kijiji, kati ya jirani na jirani. Leo nataka tuseme juu ya vita vinavyopigwa ndani ya kijana mmoja. Vita hivyo havina mlio wa risasi, na mtu wa nyumba ya pili havisikii. Ni vita vya kijana na nafsi yake mwenyewe.

Tuchukue mfano. Ni siku ya kutangaza matokeo shuleni, ile tunayoiita proklamasyo. Wazazi wamekaa, mkuu wa shule anasoma majina na asilimia. Kijana wa miaka 15 anasikia jina lake, halafu anasikia asilimia 42. Wenzake wanacheka. Akiwa njiani kurudi nyumbani, sauti ndani yake inamwambia: «Wewe si kitu. Mama ameuza mkaa mwaka mzima kwa kulipa masomo yako, nawe umekula pesa yake bure.» Usiku sauti ile hailali.

Kijana huyo atafanya nini? Mmoja anajifungia chumbani na kukataa chakula. Mwingine anatafuta mtu dhaifu wa kupiga, labda mdogo wake. Wa tatu anakutana na mtu anayemwambia: «Njoo kwetu. Sisi tutakupa jina, watu watakuogopa.»

Sisi watu wa Kongo tunajua bei ya neno hilo. Mwaka 1996 na 1997 watoto wengi waliingia katika jeshi la AFDL, tukawaita kadogo. Vikundi vya silaha vilivyokuja nyuma yao navyo vimechukua watoto. Wengine walishikwa kwa nguvu. Wengine walikwenda kwa ajili ya njaa, kwa kulipiza kisasi, au kwa kutafuta ulinzi. Na wengine walikwenda kwa sababu walichoka kudharauliwa. Sisemi kwamba aibu peke yake inaleta vita. Nasema kwamba kijana aliyekwisha kuamini kwamba yeye si kitu ananunuliwa kwa bei ndogo.

Basi, tumfundishe nini? Kuna ufundi wa namna mbili, na zote mbili zinafundishika kama vile kusoma au kushona.

Ufundi wa kwanza ni kuangalia kwa utulivu. Maana yake ni kutambua, saa hii hii, mwili wangu unafanya nini na mawazo yangu yanasema nini, bila kukimbia na bila kujihukumu. Moyo unapiga mbio: natambua. Ngumi imekunjwa: natambua. Kijana anayetambua hasira yake ikiwa bado ndogo anaweza kuchagua la kufanya. Asiyeitambua anashtuka mkono ukiwa umekwisha kupiga.

Ufundi wa pili ni kujihurumia. Maana yake ni kusema na nafsi yako namna unavyosema na rafiki aliyeanguka.

Wengine watauliza: je, hii ni dini mpya? Ni swali zuri, nalo linataka jibu la wazi. Mazoezi ya kuangalia kwa utulivu yana mizizi ya zamani, hasa katika dini ya Buddha huko Asia. Lakini mwaka 1979 mtu mmoja wa Marekani, Jon Kabat-Zinn, aliyaingiza katika hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts, kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu, kama mafunzo ya majuma kadhaa, bila mambo ya ibada. Kuhusu kujihurumia, mwaka 2003 mwalimu wa chuo kikuu cha Texas, Kristin Neff, aliandika maelezo yake, na wengine baadaye walitengeneza mafunzo ya vijana. Hakuna mungu wa kigeni anayeitwa humo. Mkristo atabaki Mkristo, na Mwislamu atabaki Mwislamu.

Bibi Neff anaonyesha sehemu tatu. Ziwekeni kichwani kama mafiga matatu, maana likikosekana moja chungu kinaanguka. La kwanza: kutambua maumivu jinsi yalivyo, bila kuyaficha wala kuyaongeza. La pili: kukumbuka kwamba kushindwa na kuumia ni mambo ya watu wote, hukutengwa peke yako. La tatu: kujisemea kwa upole kuliko kujitukana.

Hapa lazima niondoe kosa moja. Kujihurumia si kujililia. Anayejililia anasema: «Ni mimi tu, dunia yote inanionea.» Anayejihurumia anasema: «Hili linauma. Wengine nao limewapata. Sasa nifanye nini?» Tena kujihurumia si kujipa haki. Kijana akimpiga mwenzake, hatutamfundisha kusema «si kitu». Atasema: «Nimefanya vibaya, na mimi si mtu wa kutupwa. Naenda kuomba radhi.» Anayejiona ni takataka hawezi kuomba radhi, kwa maana kukubali kosa kunamuua. Ndiyo sababu ufundi huu ni kazi ya amani kweli kweli.

Sasa tufanye mazoezi. Ni matatu, na hayaombi pesa.

Zoezi la kwanza ni miguu chini. Kaa au simama. Sukuma nyayo zako ardhini polepole. Sikia ardhi inavyokubeba. Halafu taja kimya vitu vitano unavyoviona, na sauti tatu unazozisikia: jogoo, motokari, mtu anayetwanga. Tufanye pamoja kidogo.

(Kimya kidogo.)

Zoezi hili linafaa sana kwa watoto wetu. Mnakumbuka Nyiragongo ilivyolipuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021, na ardhi ya Goma ikaendelea kutetemeka siku nyingi. Mnakumbuka vita vilivyoingia Goma mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi wa pili. Mtoto aliyepita hapo, lori likipita tu kwa kishindo, mwili wake unadhani hatari imerudi. Hajawa mwendawazimu. Mwili unafanya kazi yake ya kumlinda, lakini haujui saa. Nyayo, macho na masikio vinauambia: sasa niko hapa, hili ni lori.

Zoezi la pili ni pumzi ndefu. Vuta hewa kwa hesabu ya tatu, itoe kwa hesabu ya tano, kama mtu anayepuliza uji wa moto. Mara tano inatosha. Kutoa pumzi polepole kunapunguza mbio za moyo. Kijana anaweza kufanya hivyo mbele ya mtihani wa Serikali, au kwenye bomba la maji wakati mtu amesukuma bidoni yake, na hakuna atakayejua.

Zoezi la tatu ni neno la rafiki. Wape vijana karatasi, au waseme moyoni wasiojua kuandika. Uliza: «Rafiki yako amepata asilimia 42. Utamwambia nini?» Watasema: «Usijali, tutasoma pamoja. Hata mimi mwaka jana nilianguka katika hesabu.» Halafu uliza: «Na wewe ulipoanguka, ulijiambia nini?» Hapo darasa litanyamaza. Kisha kila mmoja ajipe maneno yale yale aliyompa rafiki. Anayetaka aweke mkono juu ya kifua. Vijana wengine watacheka, na si neno.

Walimu na viongozi wa vijana, nina maonyo matatu kwenu.

Onyo la kwanza: msilazimishe mtu kufunga macho. Aliyeona mabaya, akifunga macho, anaweza kuyaona tena. Mwacheni atazame sakafu au dirisha. Kama pumzi inamletea woga, arudi kwenye nyayo. Wala msimwombe mtoto yeyote kusimulia mbele ya wenzake yaliyompata. Na mkiona kijana asiyelala majuma mengi, au anayesema anataka kufa, mazoezi haya hayatoshi. Msimwache peke yake. Mfikisheni kwa muuguzi, kwa daktari, au kwa mtu aliyefundishwa kazi ya kusikiliza walioumizwa.

Onyo la pili: msifanye kama somo la kukariri. Huko Uingereza walijaribu kufundisha kuangalia kwa utulivu katika shule zaidi ya 80, kwa wanafunzi zaidi ya 8,000. Mwaka 2022 walitoa matokeo: mafunzo hayo hayakuzidi masomo ya kawaida ya malezi. Wanafunzi wengi hawakuyafanya nyumbani. Tunajifunza nini? Kwamba kuamrisha darasa zima halafu kuondoka hakufai. Afadhali dakika tano kila siku katika kundi dogo, kwaya, skauti au timu ya mpira, pamoja na mkubwa anayefanya naye.

Lakini tusivunjike moyo. Mwaka 2020 ilitangazwa habari ya kazi iliyofanyika karibu nasi, katika kambi ya Rhino huko Uganda. Wanawake wakimbizi kutoka Sudani Kusini, karibu 700, walishiriki. Nusu yao walipata mafunzo ya OMS, mikutano mitano ya sauti iliyorekodiwa na kitabu cha picha, yakiongozwa na watu ambao si madaktari. Walifundishwa kutuliza mwili, kukaa na mawazo mazito, na kujitendea kwa wema. Miezi mitatu nyuma ya mafunzo, taabu ya moyo wao ilikuwa imepungua kuliko ile ya wenzao wasioyapata. Wale walikuwa watu wazima, vijana wana njia yao. Lakini tunaona kwamba hata mtu aliyepoteza nyumba, akiwa kambini, anaweza kujifunza.

Onyo la tatu ni kwetu wazazi. Ile sauti inayomwambia kijana «wewe si kitu», aliisikia wapi mara ya kwanza? Mara nyingi ilitoka kinywani mwetu. «Kichwa ngumu.» «Mwana bure.» «Tazama mtoto wa jirani.» Tunasema kwa uchovu, na yeye anaweka moyoni. Hatuwezi kumfundisha kijana kujisemea vizuri saa kumi, na saa kumi na mbili tukamtukana. Kumrekebisha mtoto ni lazima, lakini sema juu ya kazi yake, usiseme juu ya utu wake. «Hesabu hii umekosea» ni neno la kufundisha. «Wewe ni mjinga» ni jiwe.

Neno la mwisho. Mtu asije kuwaambia vijana: vuteni pumzi, mvumilie, msidai kitu. Pumzi haijazi tumbo. Kijana anahitaji shule, kazi, usalama na haki, na wenye mamlaka wana deni hilo kwake. Moyo uliotulia haumnyamazishi. Unamsaidia kudai haki yake bila kuchoma nyumba ya mwenzake.

Leo jioni, kabla ya kulala, wewe kijana jaribu zoezi moja tu. Jiulize: rafiki yangu angekuwa na siku kama yangu ya leo, ningemwambia nini? Halafu ujiambie. Na wewe baba, na wewe mama, ufanye vilevile, kwa maana nanyi mmechoka.