Somo la Hesabu: Mstari Ulionyoka Kutokana na Nukta Mbili

Chukueni kalamu na karatasi yenye miraba.

Mama mmoja ana mtoto wa miezi miwili, na mwili wa mtoto ni wa moto. Mama ameambiwa zahanati kwamba mtoto aliye chini ya miezi mitatu akifika digrii 38 za Selsiasi apelekwe kwa daktari mara moja. Lakini kipimajoto chake ni cha Farenhaiti, nacho chaonyesha 101. Je, aende au angoje?

Ukutani pana kipimajoto cha hewa chenye alama za namna zote mbili. 10 za Selsiasi zaelekeana na 50 za Farenhaiti. 30 zaelekeana na 86. Selsiasi iandikeni chini, kwenda kulia. Farenhaiti ubavuni, kwenda juu. Tieni nukta zenu mbili. Katika nukta moja mistari mingi yaweza kupita, ila katika mbili hupita mmoja tu ulionyoka. Uchoreni.

(Kituo kifupi.)

Kutoka 10 hadi 30 tumekwenda kulia hatua 20. Kutoka 50 hadi 86 tumepanda hatua 36. Gawanyeni 36 kwa 20, mtapata 1.8. Yaani kila Selsiasi ikiongezeka 1, Farenhaiti hupanda 1.8. Huo huitwa mteremko wa mstari, ingawa huu wetu wapanda! Angalieni msigawanye 20 kwa 36. Wengi hukosea hapo.

Sasa, Selsiasi ikiwa 0, mstari uko wapi? Turudi nyuma kutoka 10. Hatua 10 mara 1.8 ni 18. 50 toa 18, zabaki 32. Basi andikeni mlinganyo:

F = 1.8 × S + 32

Tuujaribu kwa nukta ambayo hatukuitumia. Pwani maji huchemka kwa 100 za Selsiasi. Nairobi, kwa kuwa ni juu, huchemka kabla ya hapo. 1.8 mara 100 ni 180. Ongezeni 32, ni 212. Ndivyo kisemavyo kipimajoto cha Farenhaiti.

Haya, yule mtoto. 1.8 mara 38 ni 68.4, ongezeni 32, ni 100.4. Yeye ana 101. Amepita. Mama na amchukue sasa hivi, asingoje asubuhi.

Kazi ya nyumbani: 104 za Farenhaiti ni ngapi za Selsiasi? Anzeni kwa kutoa 32. Kwaherini mpaka juma lijalo.